Ninamwamkia shikamoo, na ninamdai kodi ya miezi mitano

Shikamoo mama,

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nitaandika mwenyewe.

Mama yetu alifariki miaka 2 iliyopita, akatuachia mimi na kaka yangu nyumba ya vyumba 6 vya kupangisha kwenye ua mmoja. Kaka ana kazi ya safari, kwa hiyo usimamizi umeniangukia mimi. Sikuwahi kufundishwa. Mama alikuwa anaweka kila kitu kichwani: nani kalipa, nani kaomba siku 10, nani kabadilishiwa kitasa. Alipoondoka, aliondoka na hesabu zote.

Linaloninyima usingizi ni chumba cha pili. Humo anakaa mama mmoja, fundi cherehani, aliyepanga tangu nikiwa shule. Marehemu alimchukulia kama mdogo wake, nami humwita mama mdogo na nikimkuta uani humwamkia. Mwaka jana aliugua mkono, wateja wakapungua, kodi ikaanza kuchelewa. Mwezi wa kwanza nilimwambia asijali. Wa pili sikusema kitu. Sasa kwa hesabu yangu ni miezi 5. Kuna siku hunipa kidogo mkononi, napokea na kushukuru. Kuna siku kaka akirudi safari hupita mwenyewe na kuchukua chochote kilichopo. Wapangaji wengine wameshajua. Mwezi huu wawili nilipowauliza kodi walinijibu, "Mbona chumba cha pili hakiulizwi?"

Kaka anasema dawa ni moja: tubadilishe kufuli akiwa ametoka, tushikilie vyerehani vyake viwili mpaka alipe. Mimi roho inakataa, lakini sina jibu lingine la kumpa.

Halafu kuna maji. Mita ni moja kwa ua mzima, tuna watu 16. Bili imepanda karibu mara mbili ndani ya miezi 3. Naigawa kwa vyumba 6, na kijana wa chumba cha sita anayekaa peke yake amegoma, anasema anatoka alfajiri na kurudi usiku. Watu wameanza kuhesabiana ndoo.

Mpangaji wa chumba cha nne naye anahama mwisho wa mwezi na anataka amana yake yote. Nyuma ya kabati lake ukuta umejaa ukungu mweusi. Kaka anasema nisimpe kitu.

Na fedha yenyewe, mama, siioni. Kodi ikiingia inaisha kwa ada za watoto, magonjwa, shida za ndugu. Bati limeanza kuvuja na sina hata ya misumari. Wakati mwingine nafikiri tuuze tu tugawane. Naomba unisaidie.

Mrithi wa vyumba sita

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mama. Pole pia kwa kukabidhiwa kazi ambayo aliyekuwa akiifanya hakupata nafasi ya kukuonyesha.

Nianze na kufuli, kwa kuwa ndilo lenye haraka. Msibadilishe. Mwambie kaka leo hii, kabla hajarudi safari akafanya jambo lisilorudishika. Katika nchi nyingi mwenye nyumba haruhusiwi kumtoa mpangaji kwa mkono wake, hata kama anamdai mwaka mzima. Kumfungia mlango, kung'oa bati, kumkatia maji au umeme ili aondoke mwenyewe, yote hayo yanahesabiwa kuwa kosa. Njia halali huanza na notisi ya maandishi, na mpangaji akikataa kuondoka, shauri hupelekwa mahakamani au kwenye baraza linalohusika na nyumba. Muda wa notisi unatofautiana kati ya nchi na nchi, na hata kati ya mkataba na mkataba, kwa hiyo kabla ya kuandika yoyote muulize mwanasheria au ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe.

Halafu fikiria hivyo vyerehani. Siku mtakayovishika, deni litageuka. Atasema ndani kulikuwa na vitambaa vya wateja, kulikuwa na fedha kwenye droo, na nyinyi hamtakuwa na njia ya kumkanusha maana mliingia bila yeye kuwepo. Mliokuwa mnadai mtakuwa mnadaiwa. Na tukiacha sheria pembeni, vyerehani hivyo ndivyo vitakavyokulipa. Fundi asiye na cherehani atatoa wapi kodi?

Sasa nikuulize jambo ambalo barua yako imelipita haraka. Umeandika "kwa hesabu yangu ni miezi 5". Hesabu ipi, mwanangu? Umesema kuna siku anakupa kidogo mkononi, na kuna siku kaka anapita kuchukua. Je, yale madogo umeyaandika? Ya kaka je, alikuambia ni kiasi gani? Kama jibu ni hapana, basi hujui kama unadai miezi 5, au 4, au 3 na nusu. Kaka yako yuko tayari kumfungia mtu mlango kwa deni ambalo hakuna kati yenu anayelijua, na huenda sehemu yake aliipokea yeye mwenyewe.

Hapo ndipo penye kidonda cha nyumba yenu yote, si kwenye chumba cha pili peke yake. Mama alikuwa na kumbukumbu ya kichwani na iliendesha nyumba miaka yote, Mungu amrehemu. Ninyi mmerithi vyumba bila kumbukumbu. Hamwezi kuwa wakali kwa haki wala wapole kwa haki mpaka muwe na tarakimu.

Nunua daftari gumu. Kila chumba kipe kurasa zake. Chora safu nne: mwezi, kodi iliyotakiwa, kilicholipwa, kimepokelewa na nani. Anza na chumba cha pili kwa kurudi nyuma mpaka mwezi wa mwisho ambao wote mna hakika ulilipwa kamili. Mpigie kaka, mwombe akutajie alichochukua na lini, hata kwa makadirio. Kama fedha ilitumwa kwa simu, jumbe bado zipo, zitafute. Kisha mwombe mama mdogo naye alete kumbukumbu zake. Mafundi cherehani huwa wana daftari la vipimo vya wateja, na wengi huandikia humohumo mambo yao mengine. Usishangae akiwa na kumbukumbu nzuri kuliko zako. Chochote alichompa kaka ni malipo, hata kama hakikufika kwako. Yeye alimlipa mwenye nyumba. Kama kaka alikitumia, hilo ni lenu wawili.

Ukishaipata tarakimu, nenda ukazungumze naye. Najua hapa ndipo panapokutisha: utamdaije mtu unayemwamkia? Utamdai kwa heshima ileile unayomwamkia nayo. Usisimame mlangoni, usiende usiku, usimwite uani wenzake wakisikia. Mwambie siku moja kabla kwamba ungependa kukaa naye, ili asishtukizwe. Ukifika, mwamkie kama kawaida, keti, muulize mkono unaendeleaje na usubiri jibu. Kisha sema hivi au kwa maneno yanayokutoka wewe: "Mama mdogo, nimekuja kwa jambo la kodi. Kosa la kwanza ni langu, nilikaa kimya miezi yote hii nikidhani ninakusitiri, kumbe nimeacha mzigo ukue. Hii hapa hesabu niliyoiandika. Naomba tuipitie pamoja, palipokosewa turekebishe."

Kisha nyamaza, mwache asome. Ukimya huo utakuwa mzito, uvumilie.

Mkishakubaliana kiasi, tenganisha mambo mawili ambayo mpaka sasa yamechanganyika: kodi ya mwezi huu na deni la zamani. Huku ndiko wenye nyumba wadogo wengi tunakopotea. Mpangaji anakuja na kiasi kidogo, unakipokea, hakuna anayesema ni cha mwezi gani. Yeye moyoni anajua amelipa mwezi huu, wewe moyoni umepunguza deni la mwaka jana, na mwezi unaofuata kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Wote wawili wanasema kweli. Kwa hiyo kila fedha inayoingia iandikiwe risiti inayosema inalipia nini: "kodi ya mwezi wa 6, imekamilika", au "sehemu ya deni la mwezi wa 2". Risiti ya mkono inatosha, mradi ina tarehe, kiasi, sababu na sahihi, na nakala inabaki kwako.

Mpango wenyewe uwe hivi: kodi ya mwezi huu inalipwa kwanza, kamili, na juu yake anaongeza robo ya kodi kwa ajili ya deni. Kama kweli deni ni miezi 5, hizo ni robo 20, yaani miezi 20. Likigundulika ni miezi 3 na nusu, ni miezi 14. Akiweza nusu badala ya robo, muda unapungua kwa nusu. Miezi 20 itakuchoma ukiisikia, lakini mwezi wa kwanza tu wa mpango huo nyumba inaacha kupoteza, na hilo ndilo unalolihitaji kuliko kulipwa yote kwa mkupuo ambao hauwezi kuja. Andikeni karatasi mbili zinazofanana, mtie sahihi na shahidi mmoja mnayemwamini wote:

"Tumekubaliana leo kwamba deni la kodi ya chumba cha pili hadi mwisho wa mwezi uliopita ni kiasi hiki. Kodi ya kila mwezi italipwa kwanza. Juu yake italipwa robo ya kodi kupunguza deni mpaka liishe. Kila malipo yatapewa risiti. Miezi 2 ikipita mfululizo bila robo hiyo, tutakaa tena kabla ya hatua nyingine yoyote."

Kabla hajatia sahihi, muulize swali moja zito: kwa kazi anayopata sasa, anaweza kweli kubeba kodi ya mwezi, achilia mbali hiyo robo? Msikilize vizuri. Akisema anaweza huku macho yako chini, usikimbilie kalamu. Mpango usiobebeka ni kumvika mtu kitanzi cha maandishi. Kama hawezi, mazungumzo yawe mengine: ahamie mahali pa nafuu kwa tarehe mtakayopanga, akabidhi chumba kikiwa safi, nawe umsamehe sehemu ya deni au lote. Kaka atapiga kelele. Mwekee hesabu mezani: kila mwezi anaokaa bila kulipa unawagharimu kodi ya mwezi mmoja, na shauri likienda mahakamani linaweza kula miezi kadhaa, pamoja na gharama za wakili. Kusamehe miezi 2 ili upate chumba mwezi ujao huenda kukawa nafuu kuliko kudai miezi 5 kwa mwaka mzima. Ila msamaha nao uandikwe, usibaki wa mdomo. Na ikifika mahali pa kutoa notisi rasmi, muulize mwanasheria kwanza kuhusu kupokea kodi baada ya hapo, maana katika baadhi ya nchi ukiipokea kimyakimya huhesabiwa umeifuta notisi yako mwenyewe.

Kwa wale wawili waliokujibu jeuri, usiwaeleze habari za mkono wa mama mdogo. Hayo ni yake. Waambie tu, "Kila chumba kina daftari lake, na tunaanza upya na kila mmoja." Kisha anza upya kweli. Chagua tarehe moja ya kodi, toa siku 5 za kuvuta pumzi, na mtu akipitiliza mtumie ujumbe siku ya 6. Siku ya 6 unauliza tu kwa upole. Ukingoja mwezi wa tano, swali lilelile linakuwa ugomvi.

Kwenye maji, kabla ya kugawana upya, hakikisha mnachogawana ni maji mliyotumia. Bili kupanda karibu mara mbili kwa miezi 3 bila watu kuongezeka kunanifanya nishuku kuvuja kuliko kushuku ndoo za jirani. Usiku wa leo, watu wakishalala, waombe wote wasifungue bomba, kisha andika tarakimu zote za mita, hata zile nyekundu za mwisho. Alfajiri, kabla ya wa kwanza kuamka, soma tena. Kwenye uso wa mita nyingi kuna kigurudumu au kipembetatu kidogo kinachozunguka maji yanapopita. Bomba zote zikiwa zimefungwa nacho bado kinazunguka, hata polepole, kuna mahali maji yanatoka.

Anzia vyooni. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikitokea bakulini, mpira wa chini ya tangi umechoka. Ni kifaa kidogo, na fundi bomba hukibadilisha kwa muda mfupi. Kisha angalia mabomba ya uani. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku, na hayo ni kama lita 20, ndoo nzima kila siku ambayo hakuna aliyeichota. Kama vyoo na bomba ni vizima na mita bado inatembea, bomba la chini ya ardhi limepasuka. Tafuta mahali udongo haukauki au majani yamestawi kuliko kwingine.

Ukikuta uvujaji, gharama yake ni yenu wenye nyumba, msiwabebeshe wapangaji. Baada ya hapo gawa kwa vichwa. Kijana wa chumba cha sita ana hoja: mkiwa watu 16 yeye ni mmoja wa 16, kama asilimia 6, lakini anatozwa moja ya sita, karibu asilimia 17. Analipa karibu mara 3 ya fungu lake. Mwambie amesema kweli. Ukipata fedha baadaye, kila chumba kifungiwe mita yake ndogo, na hapo ugomvi wa ndoo utakwisha kabisa.

Sasa ukungu wa chumba cha nne. Hili naliandika kwa uchungu kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumdhulumu mtu kwa ukungu wa namna hiyohiyo.

Nilikuwa na chumba kimoja cha kupangisha, na mpangaji alipohama tulisogeza kabati tukakuta ukuta mweusi kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Nilimwambia hakuwa anafungua madirisha, nikazuia amana yake yote. Aliniambia mara 2, kwa sauti ya chini, kwamba ukuta ule ulikuwa unatoka jasho kila mvua ikinyesha. Sikumsikiliza. Wiki kadhaa baadaye fundi alikuja kupiga rangi, akagongagonga plasta, ikabanduka pande kubwa, na nyuma yake tofali zilikuwa zimeloa. Tulipozunguka nje tukaona kiungo cha mfereji wa paa kimeachana, maji yote ya upande ule yalikuwa yakimwagikia ukutani. Nilimtafuta yule mpangaji nikamrudishia amana yake na kumwomba radhi. Alipokea fedha, akaniitikia "haya", basi. Hilo "haya" bado nalisikia.

Kwa hiyo usiamue kwa kuangalia. Kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, bandika kipande cha nailoni angavu kwa utepe wa gundi pande zote 4, acha siku 2. Majimaji yakijitokeza juu ya nailoni, upande wa chumbani, unyevu unatoka kwenye hewa ya ndani: mapishi, nguo zinazoanikwa chumbani, pumzi za watu. Yakijitokeza nyuma yake, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani na hilo ni lenu. Na hata ikiwa ni hewa ya ndani, jiulize kama dirisha linafunguka sawasawa, na kama palikuwa na mahali pengine pa kuweka kabati.

Amana haikuwekwa ili ikusaidie kukarabati nyumba. Ipo kwa ajili ya kodi isiyolipwa na uharibifu, na uharibifu si uchakavu. Rangi iliyofifia, bawaba iliyolegea, sakafu iliyopauka njiani pa kupita watu, hizo ni alama za mtu kuishi. Sinki lililopasuka au mlango uliotobolewa ni uharibifu. Hata kwenye uharibifu umri uhesabiwe: kama rangi ya ukuta hukaa miaka 4 na yeye ameishi miaka 3, huwezi kumtoza rangi mpya nzima, lililobaki ni robo. Ukikata chochote, mpe orodha ya maandishi pamoja na risiti ya fundi. Na kwa kuwa hukuwa na orodha ya hali ya chumba siku alipoingia, palipo na shaka mpe yeye. Anayefuata mzungushe chumbani kabla hajaingiza godoro, pigeni picha kuta, sinki, vitasa, switchi na madirisha, andikeni namba za mita na idadi ya funguo, mtie sahihi. Ni kazi ya nusu saa.

Fedha. Nyumba yenu ikijaa mwaka mzima inatoa kodi 72 za chumba kimoja. Kila chumba kikikaa kitupu mwezi 1 tu, zimeondoka 6. Ukitenga sehemu ya kumi ya zinazobaki kwa matengenezo, ni kodi 6 na kidogo. Kuna kodi ya serikali juu ya mapato ya pango, nayo isikukute hujajiandaa. Tunza risiti za mafundi, maana katika baadhi ya nchi gharama za matengenezo hupunguzwa kwenye mapato kabla ya kodi hiyo kukadiriwa. Kinachobaki baada ya hayo ndicho cha kwenu. Ninyi mmekuwa mkila kabla ya kuyatoa, ndiyo maana bati linawashinda.

Fungua akaunti ya nyumba, isiyo yako wala ya kaka. Kodi zote ziingie humo, na wapangaji wote waambiwe kwa maandishi kwamba tangu tarehe fulani malipo yanayotambuliwa ni ya akaunti hiyo. Kaka asipite tena vyumbani kukusanya. Anachostahili kitoke kwenye akaunti kila baada ya miezi 3, baada ya gharama, nawe chako hivyohivyo. Na wewe unayehangaika na mafundi ujilipe kitu kidogo cha usimamizi, kiandikwe. Mwambie mapema na kwa upendo. Ndugu wengi hawagombani kwa sababu ya tamaa, wanagombana kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anapata zaidi. Akiliona daftari atapungua ukali, hata juu ya mama mdogo.

Kuuza, msiamue sasa. Kwa hali ilivyo hamjui nyumba inaingiza nini, na mnunuzi atakapouliza hamtakuwa na la kumwonyesha zaidi ya bati linalovuja na deni lisilojulikana. Andika daftari hilo kwa miezi 12, kisha kaeni na kaka mkiwa na tarakimu.

Bati lakini halingoji miezi 12, na huenda halihitaji fedha nyingi kama unavyohofu. Mara nyingi bati huvujia kwenye misumari, pale mpira wa chini ya kichwa cha msumari ulipokauka na kupasuka. Mwezi huu, kodi ya kwanza itakayoingia itoe sehemu yake ya kumi kabla hujafanya jambo lingine, umwite fundi. Mchana wa jua kali mwambie apande darini, akanyage mbao tu asikanyage dari, azibe mlango wa kupandia nyuma yake na atulie dakika chache mpaka macho yazoee giza. Kila tundu litawaka. Awe na chaki mkononi, azungushie duara kila panapowaka.